Edinburgh, mji aliosoma Mwalimu: namna ya kufika, kuzunguka na mambo ya kuangalia

Oktoba 1949 mwalimu wa shule kutoka Butiama, mwenye umri wa miaka 27, alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Alikaa huko hadi 1952. Julius Kambarage Nyerere mwenyewe alieleza baadaye kwamba fikra zake za siasa zilipata umbo alipokuwa katika mji huo, ndiyo maana jina Edinburgh husikika redioni karibu kila inapokaribia tarehe 14 Oktoba. Husikika, lakini ni nadra kuelezwa. Ni mji wa namna gani? Na mtu wa Nyakato, Bunda au Butiama akipata nafasi ya kwenda huko, kwa masomo, kwa mkutano au kumtembelea ndugu, atauzungukaje, na ataona nini kinachomhusu yeye?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu. Vitabu vya watalii vinavyouzwa kule vinampeleka mgeni kwenye ngome, kwenye kasri la mfalme na kwenye maduka ya sketi za kiume. Hivyo vyote ni vizuri kuviona. Lakini Mtanzania ana njia yake ndani ya mji huo huo, na asipoambiwa atapita karibu nayo bila kujua.

Mji wa ghorofa mbili

Edinburgh umejengwa juu ya vilima vilivyoachwa na volkano iliyozimika zamani sana. Ngome imekaa juu ya jabali, na kutoka hapo mgongo wa ardhi unateremka taratibu kuelekea mashariki hadi kasri la Holyrood. Barabara inayopita juu ya mgongo huo inaitwa Royal Mile, na pande zake mbili ndizo zinazoitwa Mji Mkongwe: nyumba ndefu za mawe, zilizobanana, na katikati yake vichochoro vyembamba vinavyoteremka kwa ngazi. Kaskazini, ng'ambo ya bonde, uko Mji Mpya. Usidanganywe na jina. Ramani yake ilichorwa na James Craig mwaka 1767, barabara zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Bonde lililo katikati lilikuwa ziwa chafu, likakaushwa, na leo ni bustani za Princes Street. Miji yote miwili iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995.

Jambo moja huwapoteza wageni wengi. Kwenye simu utaona barabara mbili zinakutana, lakini ukifika unakuta moja iko juu na nyingine iko chini, mita nyingi chini ya miguu yako. South Bridge na George IV Bridge ni madaraja, ingawa kwa mtembeaji huonekana kama barabara za kawaida zenye maduka kulia na kushoto. South Bridge ina matao 19 na ni moja tu linaloonekana. Mengine yamefunikwa na majengo. Chini yake inapita Cowgate. Kwa hiyo simu ikikwambia "umefika" na hulioni jengo, angalia chini ya ukuta wa daraja, kisha tafuta ngazi.

Kilima kirefu zaidi mjini ni Arthur's Seat, mita 251 kutoka usawa wa bahari. Wageni wengi hupanda kuangalia mji wote na bahari, na ni bure. Anayetoka Musoma hana sababu ya kuogopa urefu huo: uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita zaidi ya 1,130 juu ya bahari. Kinachosumbua pale ni upepo.

Kufika

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Tanzania. Wa Musoma kwa kawaida huanzia stendi ya Bweri kwa basi la Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kupitia Bunda, Lamadi na Magu, kisha ndege ya ndani hadi Dar es Salaam au Kilimanjaro. Wengine hupitia Sirari kwenda Nairobi. Baada ya hapo huunganisha Doha, Istanbul, Amsterdam au London. Viza ya Uingereza huombwa kwa mtandao, halafu mwombaji huenda Dar es Salaam kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Safari hiyo ya Dar iingizwe kwenye hesabu mapema, kwa sababu kwa mtu wa Mara ni gharama kubwa hata kabla ya kujua kama viza itatoka.

Uwanja wa ndege wa Edinburgh uko kilomita kama 13 magharibi mwa katikati ya mji. Kuna mabasi, na kuna tramu, yaani treni nyepesi inayopita barabarani. Tramu ilianza kazi mwaka 2014, na tangu 2023 inaenda hadi Newhaven, ufukweni. Kutoka uwanja wa ndege hadi Princes Street ni zaidi kidogo ya nusu saa. Tiketi inanunuliwa kwenye mashine kituoni kabla ya kupanda. Ukiingia bila tiketi unatozwa faini, na kujieleza kwamba wewe ni mgeni hakusaidii.

Basi lisilo na konda

Ndani ya mji, usafiri mkubwa ni mabasi ya Lothian, mengi yakiwa ya ghorofa, ya rangi nyekundu iliyoiva na nyeupe. Kampuni hiyo ni mali ya umma: inamilikiwa na halmashauri ya jiji na halmashauri za jirani. Aliyezoea hiace za Musoma atahitaji siku moja tu kulizoea basi la huko, lakini siku hiyo ina mitihani yake.

Kwanza, hakuna konda. Hakuna wa kukuita, hakuna wa kukubania siti, wala huwezi kupiga kelele "shusha!" Unasimama kituoni, unasoma namba ya basi mbele yake, unanyoosha mkono, na usipounyoosha dereva anaweza kupita. Ukitaka kushuka unabonyeza kitufe chekundu kilicho kwenye nguzo kabla kituo hakijafika. Pili, unalipa kwa dereva wakati wa kupanda. Nauli ndani ya mji ni moja, uende vituo viwili au ishirini. Ukilipa kwa fedha taslimu lazima uwe na kiasi kamili, maana hakuna chenji. Sarafu zinaingia kwenye kisanduku na hazitoki. Njia rahisi ni kugusisha kadi ya benki kwenye mashine kila unapopanda. Mashine inahesabu safari za siku hiyo, na zikifika kiwango fulani hukatwi tena. Tumia kadi ile ile siku nzima. Ukitumia kadi asubuhi na simu jioni unahesabiwa kama watu wawili.

Magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo kuvuka barabara hakuna shida mpya. Kijana wa chini ya miaka 22 anayeishi Scotland, akiwemo mwanafunzi wa kigeni, anaweza kuomba kadi ya kupanda mabasi bure. Mpango huo ulianza mwaka 2022, na mwanafunzi anayefika Septemba afanye maombi wiki ya kwanza.

Pamoja na hayo yote, katikati ya mji miguu inatosha. Njia tutakayoieleza hapa haizidi kilomita tano, na inaweza kumalizika kwa asubuhi moja. Vaa viatu vyenye soli nene, kwani barabara nyingi za Mji Mkongwe zimetandikwa mawe, na mvua ikinyesha yanateleza.

Sanamu ya Livingstone na majina yasiyokuwepo

Anzia stesheni kuu ya treni, Waverley, na upande hadi Princes Street. Mnara mrefu mweusi unaouona, kama mnara wa kanisa usiokuwa na kanisa, ni kumbukumbu ya mwandishi Walter Scott. Karibu nao, ndani ya bustani, kuna sanamu ya David Livingstone. Amesimama na Biblia mkononi. Ilichongwa na mwanamke, Amelia Hill, na imekuwa hapo tangu miaka ya 1870.

Mtanzania anamjua Livingstone kutoka darasani: Ujiji, Stanley, mwaka 1871. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu kwa miezi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kutoka hapo ulisafirishwa hadi London. Bila wabebaji hao, Uingereza isingekuwa na cha kuzika. Katika bustani ile Chuma na Susi hawana sanamu.

Anayetaka kumfuatilia Livingstone zaidi anaweza kwenda Maktaba ya Taifa ya Scotland, iliyo George IV Bridge, ambako nyaraka zake nyingi zinahifadhiwa. Au apande treni hadi Glasgow, chini ya saa moja, na kutoka huko nyingine hadi Blantyre alikozaliwa, ambako kuna makumbusho yake. Mji wa Blantyre nchini Malawi ulipata jina lake kutoka hapo.

Kutoka kwenye sanamu, tembea dakika tano kaskazini hadi St Andrew Square. Katikati kuna nguzo ya zaidi ya mita 40 na juu yake mtu. Huyo ni Henry Dundas, mwanasiasa aliyekuwa na nguvu kuliko wote Scotland katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Mwaka 1792, bunge la Uingereza lilipojadili kukomesha biashara ya watumwa, yeye ndiye aliyependekeza liingizwe neno la kuonyesha kwamba biashara hiyo ikomeshwe polepole. Ilikomeshwa kwa sheria mwaka 1807. Mwaka 2021 halmashauri ya jiji iliweka bamba chini ya nguzo linaloeleza habari hiyo. Wapo wanahistoria wanaomtetea kwamba bila neno lile hoja nzima ingeanguka. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba bamba liliwahi kung'olewa na kurudishwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna hesabu yetu ya kuongeza hapo. Sheria ya 1807 iliwahusu Waingereza. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Sultan Barghash aliwekewa shinikizo kuutia saini na balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk. Naye Kirk alikuwa Mskoti, aliyesomea udaktari katika chuo kile kile cha Edinburgh.

Kupitia Mji Mkongwe

Rudi kusini, vuka bonde na upande hadi Royal Mile. Mkono wa kulia ni ngome. Kiingilio kinalipwa, na miezi ya kiangazi tiketi huisha, kwa hiyo nunua kwa mtandao kabla. Ndani kuna kanisa dogo la Mtakatifu Margaret la karne ya 12, jengo la zamani kuliko yote mjini. Saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, mzinga hulipuliwa ukutani. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861 ili mabaharia wa bandari ya Leith warekebishe saa zao. Wenyeji hutania kwamba wangelipua saa sita ingewabidi kutumia baruti mara kumi na mbili. Asiyejua huruka, msisitizo huo ni kwa wenye shinikizo la damu.

Kama fedha ni kidogo, iache ngome. Iangalie kutoka chini, haipungui uzuri. Makumbusho ya Taifa ya Scotland, mtaa wa Chambers, hayatozi kiingilio, wala jumba la picha la taifa lililo chini ya ngome halitozi. Mtu anaweza kumaliza siku nzima ndani yake, hasa mvua inaponyesha.

Kwenye Royal Mile, mbele ya mahakama, kuna sanamu ya mwanafalsafa David Hume, na kidole gumba cha mguu wake kinang'aa kwa sababu watu hukisugua kutafuta bahati. Ukishakiona kidole hicho, endelea kusini, pita George IV Bridge, ufike George Square.

George Square

Hapa ndipo pa Mwalimu. Ni uwanja wenye bustani katikati na majengo ya chuo pande zote, mengine ya zamani, mengine ya zege ya miaka ya 1960 ambayo hayapendezi. Kwenye ukuta wa jengo la chuo kuna bamba linalomtaja Nyerere na miaka yake ya masomo. Ni dogo. Aliyezoea ukubwa wa jina lake nyumbani, Mwitongo, Butiama, lilipo kaburi lake na makumbusho, anaweza kupita mara mbili bila kuliona. Uliza wanafunzi, wa sayansi ya jamii hulijua.

Upande mwingine wa uwanja kuna mnara wa ghorofa nyingi uliokuwa ukiitwa kwa jina la Hume. Mwaka 2020 chuo kiliuondolea jina hilo, na sasa unaitwa kwa namba yake tu, 40 George Square. Sababu ni maandishi ya Hume, katika tanbihi aliyoiongeza kwenye insha yake mwaka 1753, kwamba watu weusi kwa asili ni duni kuliko weupe. Mwaka 2025 chuo kilichapisha taarifa ndefu kuhusu jinsi kilivyonufaika na utumwa na ukoloni, na jinsi walimu wake walivyoeneza nadharia za ubaguzi.

Miongoni mwa masomo ya Nyerere pale yalikuwemo falsafa ya maadili, uchumi, historia ya Uingereza, sheria ya katiba na anthropolojia ya jamii. Yaani kijana wa Kizanaki alikaa darasani kusoma falsafa katika mji wa Hume, huku nchi yake ikiwa chini ya udhamini uliosimamiwa na Uingereza, akachukua alichokitaka na kuacha mengine. Wakati huo huo Waskoti wengi, hasa watu wa kanisa, walikuwa wakipinga mpango wa kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland chini ya walowezi, na Nyerere alishiriki katika mijadala hiyo. Mtu akitaka kuelewa kwa nini hakuwahi kuwachukia Waingereza kama watu, mahali pa kuanzia ni hapa.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana, hata na watangazaji. Nyerere alihitimu mwaka 1952 na shahada ya MA, na wengi husema hiyo ni shahada ya uzamili. Katika vyuo vikongwe vya Scotland, MA ya masomo ya sanaa ni shahada ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa wakati wake na ndivyo ilivyo sasa. Haimpunguzii kitu: Watanganyika wenye shahada yoyote wakati huo walikuwa wa kuhesabu. Chuo hicho kimekuwa pia na ufadhili wenye jina lake kwa Watanzania wanaokwenda kusoma shahada ya uzamili, safari hii uzamili wa kweli. Masharti na tarehe hubadilika, hivyo yatazamwe kwenye tovuti ya chuo chenyewe, asiaminiwe wakala anayedai fedha.

Hatua chache kutoka George Square uko msikiti mkuu wa mji, na jirani yake hupatikana wali na mchuzi kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Albert liko kwenye uwanja wenyewe.

Majira, chakula na fedha

Agosti ndio mwezi wa matamasha, yaliyoanza mwaka 1947. Mji hufurika, na vyumba hupanda bei kupita kiasi. Kama huendi kwa ajili ya matamasha, chagua Mei au Septemba. Kuanzia 24 Julai 2026 mgeni analipa pia tozo ya asilimia 5 ya gharama ya malazi kwa siku tano za kwanza. Anayelala kwa ndugu halipi.

Mwanga utakushangaza kuliko baridi. Juni jua huchomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama kama saa nne usiku. Desemba huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi kasoro alasiri giza limeshaingia. Kwetu, karibu na ikweta, jua halina vituko hivyo. Nunua koti lenye kofia. Mwavuli hauvumilii upepo wa huko.

Chakula cha kitaifa ni haggis: moyo, maini na mapafu ya kondoo, vikakatwakatwa na kuchanganywa na oti, vitunguu na viungo. Wageni wengi wa Ulaya hukikunjia uso. Anayekula utumbo kwa ugali hatakuwa na tatizo nacho, ila ataona kimepungukiwa na pilipili.

Na fedha. Benki tatu za Scotland huchapa noti zao za pauni, na ndizo utakazorudishiwa dukani. Ni halali kabisa na thamani yake ni ile ile, lakini hata baadhi ya wauza duka wa Uingereza huzikataa, na maduka ya kubadilishia fedha nyumbani mara nyingi hayazitaki. Siku moja kabla ya kuondoka, ingia benki au posta uombe wakubadilishie kwa noti za Benki Kuu ya Uingereza, na sarafu zilizobaki zimalizie kwenye basi.